Fundi wa Chupa Huangalia Dari Kwanza

Fundi akiingia kwenye chumba chochote, huangalia dari kabla ya kusalimia watu. Nimemwona akifanya hivyo zahanati, benki, harusini, na siku moja msibani, ambapo wafiwa walidhani anaomba kumbe anatafuta tundu. Akishamaliza dari huangalia dirisha, kisha chini ya mlango, na hapo ndipo shikamoo yako inaitikiwa. Kama chumba hakikumridhisha, anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hewa mmeiingiza wapi, mmeitoa wapi?" Mwenye nyumba hubaki akiukagua ukuta wake mwenyewe utadhani kaonyeshwa leo.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni wanaojua. Ninachojua mimi ni kwamba Karatu nzima inamwita mama huyu Fundi wa chupa, na sisi tuliofundishwa naye tunamwita Fundi basi. Najua pia kwamba hakuna mwanafunzi wake aliyefungua chumba cha kioo nyumbani kwake akawasha moto siku ya kwanza bila Fundi kufika, kukagua, na kusema neno moja: "Washa." Wanawake wanne wamelipata neno hilo. Mimi nililikosa mara mbili, na sina aibu kulisema, kwa sababu kulikosa huko ndiko kulikonifanya nimjue.

Kazi yenyewe ni shanga. Fundi anachukua chupa zinazotupwa na maloji ya watalii ukingoni mwa kreta, za bia, za mvinyo, na zile za bluu za maji ya wageni ambazo anazipenda kuliko zote. Anaziosha, anazivunja, anachagua vipande. Kisha anakaa mbele ya kichomeo cha gesi, kile chenye mdomo mwembamba unaotema moto mkali, na kuyeyusha kioo kwenye ncha ya waya huku akiuzungusha, mpaka shanga inakaa sawa. Halafu inaingia kwenye tanuri dogo la umeme ipoe taratibu, maana ikipoa haraka inapasuka. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kujiunguza, na vidole vyake ni ushahidi.

Shanga hizo zinavaliwa Nainokanoka, zinavaliwa Loliondo, zimefika hadi Oloipiri. Mimi ni wa Nainokanoka, kwa hiyo naomba niringe kidogo: hakuna watu wanaoijua shanga kuliko mama zetu. Mwanamke wa Kimaasai hanunui shanga kwa kumwonea mtu huruma. Anaigeuza, anaigonga kwenye jino, anaiinua juani, anairudisha mezani bila neno. Shanga za Fundi hazirudishwi. Yeyo, yaani mama yangu mzazi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuzipeleka kwetu milimani, na mimi nilikuja Karatu kwa Fundi nikiwa nimemfuata yeyo sokoni.

Lakini ukitaka kumwona Fundi akijivuna, usimsifie shanga. Msifie chumba.

Chumba chake cha kazi kiko nyuma ya nyumba, ukinyoosha miguu vizuri ni hatua tano kwa nne. Juu ya meza, karibu kabisa na moto, kuna kofia pana ya bati. Kutoka kwenye kofia bomba la bati linapanda na kutoka nje moja kwa moja, fupi, bila kona, kwa sababu kwenye kila kona, anasema, hewa inachoka. Feni imefungwa mwishoni mwa bomba, inavuta, na mdomo wa bomba umeelekezwa upande ambao hakuna dirisha la jirani. Nyuma ya kiti, chini ukutani, kuna matundu ya kuingizia hewa safi. Inaingia mgongoni kwako, inakupita mabegani, inachukua pumzi mbaya ya moto na kuondoka nayo. "Pua yako isikae kati ya moto na feni," hilo alikuwa analisema mara nyingi mpaka mwenzangu mmoja akalisema usingizini, na mumewe akaja kuuliza lina maana gani.

Mtungi wa gesi uko nje kwenye kizimba na mpira unapita ukutani. Usawa wa sakafu kuna tundu jingine, kwa sababu gesi ikivuja haipandi, inatambaa chini kama maji. Ukutani kuna kengele ndogo ya kunusa ile hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na kila Jumatatu Fundi huibonyeza kuhakikisha iko hai. Ufagio ni marufuku kuvuka mlango ule. Vumbi la kioo linafutwa kwa kitambaa kibichi, kimya kimya.

Kipimo chake cha hewa alikipata kwa yeyo. Kabla ya hapo alikuwa anapima kwa kuning'iniza karatasi ya chooni, akiangalia inapepea wapi. Siku moja yeyo alikuja kuchagua shanga akiwa na vijiti vya oloirien kwenye mfuko, ule mzeituni wa porini tunaouchoma ili kufukizia vibuyu vya maziwa. Fundi aliuliza ni vya nini, yeyo akawasha kimoja kumwonyesha. Kijinga kile cha moto kina moshi mwembamba, mzito kidogo, hauna haraka, unatembea kama ng'ombe anayeijua njia ya nyumbani. Fundi aliutazama ukipita juu ya meza, akasahau kuuza. Tangu siku hiyo ukaguzi wote unafanywa kwa kijinga cha oloirien, na yeyo akishuka Karatu lazima abebe vijiti. Huwa nawaza kwamba wahandisi wenye vyombo vyao vya bei mbaya hawajui kuna bibi wa Nainokanoka aliyewatangulia.

Kijinga hicho kiliwahi kumuumbua fundi umeme mmoja wa mjini. Kijana alifunga feni mpya, akakunja mikono, akasubiri kusifiwa. Fundi hakubisha. Alimkalisha kwenye kiti cha kazi, akawasha feni, akaweka kijinga pale moto unapokaa. Moshi wote ukamjia yule kijana usoni.

"Mama, mbona hii feni inarudisha?" akauliza huku akipangusa macho.

"Inarudisha yenyewe, au umeigeuza wewe?"

Alipanda juu ya bati akaigeuza, na leo hii anajitangaza kuwa bingwa wa feni wilaya nzima.

Waongoza wageni nao wamekiona. Mmoja alifika na gari zima la Wazungu, injini inanguruma nje. "Mama, klaienti wangu wana ratiba, saa nane tunatakiwa geti. Washa tu wapige picha mbili tatu."

"Feni izunguke dakika kumi kwanza," Fundi akasema.

"Dakika kumi! Simba hawatanisubiri, mama yangu."

"Simba wanapumua nje, mwanangu. Sisi tuko ndani."

Wageni walisubiri dakika kumi wakipiga picha ya feni.

Sasa, msidhani alikuwa malaika. Mtu huyuhuyu aliyetunyima kufagia kwa ajili ya mapafu yetu alikuwa ananusa ugoro, tena si kidogo, kikopo kiko mfukoni kama pasipoti. Nilipomuuliza, alinijibu bila kupepesa kwamba ugoro ni mambo ya pua, na yeye anafundisha mambo ya kifua. Na mtetezi huyu wa hewa safi anachukia upepo kuliko paka anavyochukia maji. Kwenye gari anataka vioo vyote vipandishwe. Kanisani anakaa mbali na mlango, masweta mawili, kitambaa kichwani, halafu anageuka kuuliza hewa imeingizwa wapi. Tulimcheka sana, na yeye alikuwa anatuacha tucheke.

Lakini ukichukia baridi unaelewa kwa nini watu huziba matundu, na Fundi alilielewa hilo kuliko wote. Kwenye ukuta wa chumba chake, juu ya kengele, limening'inizwa gunia kuukuu la kahawa. Kila mwanafunzi mpya siku ya kwanza hakalishwi kwenye moto, anakalishwa mbele ya gunia na kusimuliwa.

Ilikuwa kabla ya kofia, kabla ya feni. Chumba kilikuwa na matundu tu chini ya paa, na ulikuwa mwezi wa saba, baridi ya Karatu ile ya ukungu unaokaa mpaka saa tano asubuhi. Walikuwa watatu, Fundi na wanawake wawili aliokuwa anawafundisha. Moto wa gesi ulikuwa wa bluu, hauna moshi, hauchomi macho. Sisi wa huku juu tumekulia kwenye moshi, tunaujua, ukizidi tunatoka. Moto usio na moshi waliuona ni moto msafi, na moto msafi hauhitaji matundu. Fundi akachukua magunia ya kahawa akaziba kila upenyo, chumba kikapata joto zuri, wakafurahi. Baada ya muda vichwa vikaanza kuuma, wakasema ni mafua ya baridi. Mmoja akacheka kitu kisichochekesha, halafu akaanguka na waya mkononi. Fundi alitaka kusimama, miguu ikakataa. Jirani aliyekuja kuomba chumvi ndiye aliyefungua mlango, akawaburuta nje mmoja mmoja kwenye majani yenye umande.

Hakuna aliyekufa. Lakini ninachompendea Fundi ni jinsi anavyoimaliza hadithi hiyo. Hasemi tulikosea. Anainua mkono wake wa kulia na kusema, "Nilikosea. Matundu niliyaziba kwa mkono huu." Ni wakubwa wangapi mnaowajua wanaoweza kumwambia hivyo mtoto aliyekuja kujifunza kwao?

Gharama nyingine ilimjia polepole. Miaka ya mwanzo alikuwa anafagia vumbi la kioo kwa ufagio mkavu kama anayefagia ua, hakujua. Kikohozi kilipoanza tulikizoea. Ulikuwa unajua Fundi yuko njiani kabla hajaonekana. Kisha daktari akamwambia akae mbali na vumbi. Alisafisha chumba chake, akakipaka chokaa, akajaribu kukaa mezani, kikohozi kikamtoa nje. "Vumbi la ufagio wangu liko kwenye kuta hizi," alituambia. "Linanijua." Kuanzia hapo alifundisha akiwa kwenye kigoda nje ya mlango, blanketi magotini, akitazama mikono yetu kwa mbali na kupaza sauti. Hakulalamika hata siku moja. Ila niliwahi kumkuta amekaa peke yake, ameshika waya mtupu, anauzungusha katikati ya vidole. Niliondoka bila kumwita.

Nilipopata nyumba yangu ya vyumba viwili nje kidogo ya mji, nilitaka kimoja kiwe cha kioo, na cha pili cha yeyo, aliyekuwa amekubali kushuka kutoka Nainokanoka kwa ajili ya magoti yake. Nilikuwa na haraka. Nilifunga kofia, bomba, feni, nikamwita Fundi nikiwa nimeshawaalika na majirani. Alikaa kwenye kiti changu, akawasha kijinga. Moshi ulipanda, ukampita puani, ndipo ukaikuta kofia.

"Kofia umeiweka juu mno, Naserian," akasema. "Umewajengea nzi. Shusha." Majirani wakamaliza chai wakaenda zao.

Mara ya pili nilijiandaa kama bibi harusi. Nilishusha kofia, nikatoboa matundu ya hewa nyuma ya kiti, nikapima mwenyewe kwa kijinga siku tatu mfululizo. Fundi akaja, akakaa, feni ikawashwa. Moshi ulianza vizuri, halafu ukayumba, ukarudi nyuma. Tukasikia harufu. Kutoka chini ya mlango wa chumba cha yeyo moshi mwingine ulikuwa unaingia, wa mkaa mbichi, unavutwa kuja kwetu kama umefungwa kamba.

Fundi aliinuka, akaangalia nyuma ya kiti. Kwenye matundu yangu yote ilikuwa imeshindiliwa shuka nyekundu, imekunjwa vizuri kwa upendo.

Yeyo akafungua mlango wa chumba chake. Jiko la mkaa lilikuwa linawaka miguuni pake. "Ni mimi," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii shimo inapiga mtoto yangu baridi kwa mgongo. Nimefunga."

Nilikasirika, siwezi kuficha. Nilimtolea yeyo maneno ambayo mtu hamwambii mama yake, mbele ya mgeni, kwa Kimaa, nikidhani Fundi hasikii. Fundi hakuhitaji kusikia lugha. "Nyamaza," aliniambia. Kisha akacheka, akacheka mpaka akakohoa, akashika ukuta. Alipopata pumzi alisema, "Feni ina njaa. Ukiinyima hewa mlangoni itakula popote, hata ya jiko la mama yako. Na hiyo ya mkaa ndiyo ileile iliyonilaza mimi chini. Mama yako analala nayo."

Mpaka hapo nilikuwa nadhani ninachotafuta ni ruhusa ya kuwasha moto wangu. Ndipo nikaelewa kwamba yule aliyekuwa hatarini alikuwa upande wa pili wa mlango, na sikuwa nimewahi kukiangalia chumba chake. Dari yake sikuijua.

Fundi alimshika yeyo mkono, wakaondoka polepole hadi kwake. Nilifuata nyuma kwa mbali kama mtoto aliyechapwa. Alimweka mbele ya lile gunia, yeye akakaa kwenye kigoda chake nje ya mlango. Waliyoongea sikuyasikia, mmoja ana Kiswahili nusu, mwingine Kimaa robo, lakini walikaa muda mrefu, na nilimwona Fundi akiinua mkono wa kulia. Yeyo aliporudi nyumbani alichomoa shuka mwenyewe, akaikung'uta, akajifunga mabegani. Akaniambia tu, "Yule mama ameniambia ukweli wake. Wewe ulinipigia kelele." Nilimwomba radhi siku ile, na nikaendelea kumwomba kwa mikono. Jiko nilijenga nje, lenye bomba la moshi, anaota moto huko. Mlango wa katikati niliuziba kwa matofali, nikamfungulia yeyo mlango wake wa kuelekea jua la asubuhi, nikamwekea matundu juu na kengele yake mwenyewe ukutani. Matundu ya nyuma ya kiti changu niliyawekea bati lililopinda, upepo upoteze hasira kabla haujanifika mgongoni. Haya yote yalinichukua karibu mwaka, na sikumwita Fundi. Niliogopa.

Alikuja bila kuitwa, mwaka huu, siku ya ukungu. Kutoka barabarani hadi kwangu alisimama mara tatu. Nilikuwa nahesabu kikohozi nikiwa dirishani. Alikuwa na fimbo na yale masweta mawili. Yeyo akatoka kumpokea.

"Takwenya," Fundi akasalimia kwa Kimaa chake cha robo.

"Iko," yeyo akaitikia, akampokea fimbo.

Hakuingia kwangu. Aliingia kwanza kwa yeyo, nikasikia hatua zake zikisimama, na nilijua anaangalia dari. Ndipo akaja kwenye chumba cha kioo, akaangalia juu, akaangalia dirisha, chini ya mlango, nyuma ya kiti. Alipapasa lile bati lililopinda, akaweka kiganja chake mbele yake, akasubiri kukisikia kinapoa.

"Nani alikufundisha hili?"

"Shuka ya yeyo," nikajibu.

Yeyo mwenyewe ndiye aliyewasha kijinga. Alikiweka mezani na kurudi nyuma. Feni ilikuwa imeshazunguka dakika zake kumi. Moshi wa oloirien ulipanda kidogo, ukalala kuelekea kofia, ukaingia wote, bila kuyumba, bila kugusa uso wa mtu, na nje kupitia dirishani tuliuona ukitoka kwenye bomba na kupotelea kwenye ukungu. Tuliutazama mpaka kijinga kikaisha. Nilikuwa nasubiri lile neno.

Fundi hakulisema. Alivua sweta moja, akampa yeyo. Akavua la pili. Akachukua miwani yangu ya kazi kwenye msumari, akaivaa, akanitazama kwenye kiti changu nilipokuwa nimekaa.

"Nipishe," akasema.

Niliinuka nikamfungulia gesi, kwa sababu mikono yake ilikuwa inatafuta kichomeo kana kwamba haikuwahi kukiacha. Moto ukatoka, wa bluu. Alichagua kipande cha chupa ya bluu ya maji ya wageni, akakisogeza taratibu, akaanza kuzungusha waya. Shanga ya kwanza ilikaa upande, akaiangalia, akacheka peke yake. Ya pili ilikuwa afadhali. Ya tatu, yeyo aliyeijua shanga tangu hajaota meno aliinama kuiangalia kwa karibu na kutikisa kichwa kwa kukubali. Nilisimama nyuma yao nikilia bila kujificha, masikio yangu yote yakiwa kwenye kifua cha Fundi. Alikaa pale muda wa shanga tatu, na hakukohoa.